Dawa ya Mtoto Mwenye Saratani Inamaliziwa Nyumbani

Maneno ya mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Rusumo, katika mkutano wa mwaka na harambee ya chama chetu

  

Katibu aliponiomba niseme maneno machache, nadhani alitegemea niombe madawati, maana ndiyo nimekuwa nikiomba kila mwaka. Mwaka huu madawati nimewaachia wengine. Nimekuja na daftari hili mnaloliona mkononi mwangu. Wale niliowafundisha wanalijua: ni daftari la mahudhurio. Ila hili halina majina ya wanafunzi. Lina jina la mtoto mmoja tu, mjukuu wangu, na kila alama ya vema iliyomo ni jioni moja aliyomeza dawa.

Wengi wenu mlichanga nauli alipougua, na wengine mlikuja kulala kwangu nilipokuwa Mwanza. Nawadai neno la shukrani. Tena ninalo jambo nililojifunza kwa machozi, ambalo nadhani halitakiwi kubaki nyumbani kwangu peke yake. Nalo ni hili: mtoto mwenye saratani hatibiwi hospitalini tu. Sehemu kubwa ya tiba yake anapewa nyumbani, na mama, bibi, shangazi au kaka yake mkubwa, kwa mkono, kidonge baada ya kidonge. Nyumbani tukikosea, kazi yote ya madaktari inaweza kupotea.

Jinsi ilivyoanza

Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza. Alianza kuchoka. Akirudi shuleni anaomba kulala badala ya kucheza. Akawa na homa zinazokuja na kuondoka. Kwetu homa ni malaria, basi akatibiwa malaria mara moja, mara mbili, mara tatu. Akawa mweupe viganjani, akalalamika miguu kuuma usiku, kisha tukaona alama za kama kugongwa mwilini na hakuna aliyemgonga. Damu ya puani ilipokataa kukatika, tulipimwa vizuri tukaandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza.

Mnaijua safari ile. Unatoka Rusumo, unapita Benako, Nyakahura, Biharamulo, Geita, na siku zile ukifika Busisi unangoja kivuko, maana daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa. Tulifika usiku. Baada ya vipimo tuliambiwa ni saratani ya damu, ile inayoitwa lukemia.

Ndugu zangu, mimi nilidhani saratani ni ugonjwa wa watu wazima. Daktari alinieleza kwamba watoto nao wanaugua, wala si kwa kosa la mama, wala si kwa mkono wa jirani. Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili limejulikana siku nyingi. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Uvimbe ule leo unaitwa kwa jina lake, nao upo katika nchi zetu za joto na malaria, pamoja na Kanda ya Ziwa. Lukemia ni aina nyingine. Ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa, chembe nyeupe zisizokomaa zinazaliana ovyo mpaka zinazibana zile nzuri.

Nikauliza, je, anapona? Nikaambiwa, anaweza kupona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani wanapona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika 100 wanapona duniani kote. Tofauti hiyo ya 80 na 30 inatokana na watoto kuchelewa kugunduliwa, dawa kukosekana, na familia kuacha tiba njiani. Hilo la mwisho ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Vidonge vidogo vya rangi ya njano

Miezi ya kwanza ilikuwa ya dripu na sindano, nyingine za mgongoni. Tuliishi wodini. Nywele zilikatika, midomo ikachubuka. Baadaye damu ikasafika, vipimo havikuonyesha tena ugonjwa, nasi tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Nikashangilia nikidhani tumemaliza. Muuguzi akanishika mkono akaniambia, “Mama, sasa ndiyo unaanza zamu yako.”

Ugonjwa huu una tabia ya kujificha. Chembe chache zinabaki ambazo hakuna kipimo cha kawaida kinachoziona. Ili zisiamke, mtoto anameza dawa nyumbani kwa muda wa miaka miwili hivi. Kidonge cha kwanza kinaitwa merkaptopurini, na hicho ni cha kila siku. Cha pili kinaitwa methotreksati, na hicho ni cha siku moja tu katika wiki. Juu yake kuna Septrini kwa siku chache za wiki kumkinga na nimonia, na siku chache za kila mwezi vidonge vya jamii ya prednisoloni.

Vinaonekana vitu vidogo, lakini vina historia kubwa. Kabla ya mwaka 1948 mtoto mwenye lukemia hakuwa na dawa. Mwaka huo Dk. Sidney Farber wa Boston alionyesha kwamba dawa ya jamii hiyo hiyo ya methotreksati inaweza kuurudisha ugonjwa nyuma, japo kwa muda mfupi. Merkaptopurini ilitengenezwa na Gertrude Elion na George Hitchings huko Marekani, nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Sisi tulichotakiwa kufanya baada ya kazi yote hiyo ni kuhakikisha mtoto anameza.

Siku niliyofagia chini ya kitanda

Nawaambieni ukweli, hata kama unaniaibisha. Mwezi wa nne tangu turudi nyumbani, nilinyanyua godoro la mjukuu wangu ili nianike. Chini yake nilikuta vidonge kumi na kimoja. Vingine vilikuwa vimelowa mate vikakaukia kwenye ubao.

Mimi nilikuwa nampa kidonge, nampa maji, nageuka kwenda kupakua chakula. Yeye anakificha shavuni, akifika kitandani anakitema. Nilikaa chini nikalia. Halafu nikafanya kosa la pili: nikataka kumchapa. Mama yake akanizuia. Tulipomwuliza kwa upole alisema, “Bibi, ni kichungu, na mimi siumwi tena.”

Siku ya kliniki nilishikwa na aibu nikataka kunyamaza. Kumbe ningenyamaza ningeharibu zaidi. Daktari hupima damu kila tunapokwenda, na kwa majibu hayo anaongeza au anapunguza dozi. Mtoto asipomeza, chembe zake nyeupe zinapanda, na daktari anadhani dozi haitoshi, anaongeza. Siku mtoto atakapoanza kumeza yote, dozi ile inakuwa kubwa mno kwake. Kwa hiyo ndugu zangu, dozi ikikosekana, semeni. Nilisema, na hakuna aliyenigombeza. Walikaa nami wakanifundisha upya.

Wakaniambia kuhusu utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012. Watafiti waliweka kifaa kwenye kifuniko cha chupa ya dawa, kinachoandika chenyewe kila chupa inapofunguliwa. Waliona kwamba watoto waliomeza chini ya dozi 95 katika kila 100 walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mimi ni mwalimu, nikapiga hesabu. Mwezi wa siku 30, ukikosa siku 2 tu umeshashuka chini ya 95. Darasani mtoto akipata 90 tunampigia makofi. Kwenye dawa hii, 90 ni kufeli.

Hapo ndipo daftari hili lilipoanza kazi.

Namna tulivyompa dawa

Naomba niyaeleze haya moja moja, maana najua humu ndani kuna anayeyahitaji, kama si leo basi kesho.

La kwanza, saa moja ile ile kila siku. Sisi tulichagua jioni, baada ya taarifa ya habari. Mtu mmoja ndiye anayetoa, mwingine anashuhudia, kisha vema inawekwa kwenye daftari pale pale, si kesho yake. Kuhusu dawa iende na chakula au la, waulizeni wa hospitalini kwenu, na mkishapewa jibu fuateni utaratibu huo kila siku.

La pili, msimdanganye mtoto. Usimwambie dawa ni peremende. Akizoea kuwa ni peremende, siku akiikuta peke yake ataimeza chupa nzima, na akigundua umemdanganya hatakuamini tena. Wala usimtishe kwamba asipomeza atachomwa sindano, maana sindano bado zipo na anatakiwa asizichukie. Mweleze kwa maneno ya umri wake. Mimi nilimwambia, “Wadudu wabaya wamelala. Dawa hii inawazuia wasiamke.” Akaelewa.

La tatu, mpe nafasi ya kuchagua, lakini si kuchagua kumeza au kutomeza. Achague kikombe, achague maji au juisi, achague kukaa kwangu au kwa mama yake, achague nani aweke vema. Mjukuu wangu alichagua kuweka vema mwenyewe, na tangu siku ile daftari likawa lake.

La nne, mtoto mdogo anayepewa dawa ya maji, tumieni bomba la sindano lililoondolewa sindano, lile mnalopewa hospitalini. Kijiko cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile, nanyi mtakosea kipimo. Mkalisheni wima, bomba liingie pembeni, kati ya fizi na shavu, sukumeni kidogo kidogo mkimwacha ameze. Msimzibe pua, msimlaze chali mkamimina. Dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

La tano, kuchanganya dawa na chakula. Ulizeni kwanza kama dawa ile inaruhusiwa. Ikiruhusiwa, changanyeni na kijiko kimoja tu cha kitu laini, kama ndizi mbivu iliyopondwa. Msiitie kwenye bakuli zima la uji, kwa sababu akiacha nusu hamtajua ameacha dawa kiasi gani. Na msiitie kwenye chakula anachokipenda sana. Mwenzetu mmoja wodini alificha dawa kwenye wali, na mtoto akaukataa wali mwaka mzima.

La sita, kumeza ni somo, na linafundishika. Tulianza na punje moja ya wali, kwa maji. Halafu kitonge cha ugali ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Halafu kikubwa zaidi kidogo. Baada ya wiki mbili alimeza kidonge kizima huku anacheka. Akimeza, mwambieni afungue mdomo, ainue ulimi, mwangalie mashavuni. Mpongezeni. Mimi sikugeuka tena kupakua chakula.

La saba, vidonge hivi ni vikali hata kwa anayevishika. Msivitwange kwenye kinu cha jikoni wala kuvikata kwa kisu cha mboga. Kama dozi ni nusu kidonge, waombeni hospitalini wawaonyeshe namna ya kukikata. Vaeni glovu, nanyi mnawe mikono. Mama mjamzito au anayenyonyesha asivishike kabisa, wala asisafishe matapishi ya mtoto bila kinga. Vidonge vinavyobaki msivitupe chooni wala jalalani, virudisheni hospitalini. Na viwekwe juu, mahali watoto wengine hawafiki.

La nane, akitapika baada ya kumeza, au mkisahau dozi, msirudie kwa akili yenu na msimpe mara mbili kesho yake. Pigeni simu hospitalini, semeni alimeza saa ngapi na alitapika saa ngapi. Wao ndio watasema arudie au aache.

Hatari mbili ambazo naomba kila mtu hapa aondoke nazo

Hatari ya kwanza ni kuchanganya kidonge cha wiki na kidonge cha kila siku. Nimewaambia vyote viwili ni vidogo, na vyote ni vya njano. Mwaka wa pili nilikwenda msibani Rulenge, mama yake alikuwa sokoni, mjomba wake akabaki na zamu. Akampa methotreksati Jumatatu, akampa tena Jumanne. Alikuwa anampenda, hakuwa mzembe, alichanganya chupa tu. Jumatano nilirudi, nikasoma daftari, nikaona. Tulipiga simu usiku ule ule, asubuhi tukawa njiani. Alitoka vidonda mdomoni lakini Mungu alitusaidia. Methotreksati ikitolewa kila siku badala ya mara moja kwa wiki inaweza kuua. Tangu hapo chupa ya wiki ilikaa kwenye sanduku langu lenye kufuli, ina kitambaa chekundu shingoni, na siku yake ilikuwa Jumapili peke yake, tukitoka kusali. Wekeni alama zenu, lakini wekeni.

Na hapo hapo niongeze: dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinaweza kuifanya methotreksati ikae mwilini na kuleta madhara. Msimnunulie mtoto huyu dawa yoyote dukani bila kuuliza. Na mitishamba vile vile. Sisemi dawa za wazee wetu ni mbaya, mimi mwenyewe nimelelewa nazo. Nasema mwambieni daktari kabla, kwa sababu ini la mtoto huyu tayari lina kazi kubwa.

Hatari ya pili ni homa. Mtoto aliye kwenye dawa hizi kinga yake imeshuka, na homa yake siyo ile tunayongoja mpaka asubuhi. Kipimajoto kikifika 38, ni safari ya hospitali usiku huo huo. Siku moja alipanda hadi 39 saa nne usiku. Jirani yangu, kwa nia njema, alileta panadol akasema tumpe alale. Panadol ingeshusha homa na kutudanganya, huku wadudu wakisambaa kwenye damu. Tulichukua bodaboda na ile barua ya hospitali inayosema mtoto yuko kwenye tiba ya saratani. Pimeni malaria, ndiyo, huku kwetu lazima. Lakini msikubali kuambiwa ni malaria tu mkarudi nyumbani. Onyesheni barua, ombeni wawasiliane na hospitali yake, ombeni aanzishiwe dawa za kuua bakteria mapema.

Zile siku za prednisoloni nazo muwe na subira. Mtoto anavimba mashavu, anakuwa na hasira, anakula kama mkulima. Wangu aliamka saa nane za usiku akidai viazi. Tulimchemshia. Siku hizo zinapita. Msimkatishe dawa hiyo ghafla kwa sababu ya uso kuvimba.

Kitanda cha jirani

Sasa niseme lililonileta hasa.

Wodini, kitanda cha jirani yetu, alikuwapo mtoto mwingine wa kiume, rika moja na wangu, ugonjwa ule ule. Anatoka upande wetu huu huu, sitataja kijiji. Walilazwa pamoja, wakapata nafuu pamoja, wakaruhusiwa wiki moja. Walikuwa wakichora pamoja picha za malori yanayongoja mpakani.

Kliniki ya kwanza tulionana. Ya pili tulionana. Ya tatu mama yake hakuja. Alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa safari mbili za kwanza, na mbuzi walikuwa wawili. Vidonge vilipokwisha aliona mtoto anacheza mpira, ananenepa, nywele zimeota. Ndugu wakamwambia, “Kapona, unahangaika na nini?” Mimi nisingemlaumu hata kidogo. Mtoto anayecheza mpira anaonekana mzima.

Ugonjwa ulirudi baada ya miezi michache. Ukirudi wakati mtoto hayuko kwenye dawa unakuwa mgumu sana. Tulimzika mwaka huo huo. Mjukuu wangu hakuambiwa mara moja. Alipoambiwa, alikwenda kuchukua daftari lake akahesabu vema zake zote, hakusema neno.

Ndugu zangu, watoto wale wawili walipewa daktari mmoja na dawa moja. Kilichowatenganisha ni nauli, na watu wa kumwambia yule mama, “Usiache, twende.” Mimi niliwapata ninyi. Yeye hakuwa na chama.

Tunachoomba mwaka huu

Hospitali zetu zinajitahidi. Huduma za saratani kwa watoto zipo Bugando, zipo KCMC Moshi, zipo Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likisaidia watoto na familia zao. Ng'ambo ya daraja letu, Rwanda nao walifungua kituo chao cha saratani Butaro mwaka 2012. Mambo yanabadilika. Hata safari ya Mwanza imepungua machungu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Lakini hakuna hospitali itakayokuja Rusumo kila jioni kumsimamia mtoto ameze kidonge. Hiyo ni kazi yetu.

Kamati imekubali niweke mbele yenu maombi matatu.

Ombi la kwanza ni mfuko wa nauli ya kliniki. Si nauli ya kumpeleka mgonjwa mara ya kwanza, hiyo tumezoea kuichanga. Ni nauli ya safari ya tatu, ya saba, ya ishirini, wakati mtoto anaonekana mzima na watu wameshachoka kuchanga. Nauli ya wawili, mtoto na mtu wake, kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha njiani.

Ombi la pili ni kapu la dawa kwa kila familia yenye mtoto kwenye tiba hii: kipimajoto, mabomba ya kupimia dawa ya maji, boksi za glovu, sanduku dogo lenye kufuli, daftari na kalamu, na vocha ya simu ya kupigia hospitali. Si vitu vya gharama kubwa. Mwenye elfu tano ananunua kitu.

Ombi la tatu halihitaji fedha. Ninyi mlioko Mwanza, mzazi wa kwetu akija kliniki na mtoto, mpeni pa kulala. Ninyi wa kijijini, mkisikia mtoto fulani yuko kwenye dawa hizi, msimwulize mama yake mbona mtoto mzima anaendelea kumeza sumu. Mwulizeni, “Jana alimeza? Kliniki ni lini? Nauli ipo?” Na walimu wenzangu, mtoto huyu akirudi shuleni hana nywele, msiruhusu achekwe, wala msimkataze kuja. Ugonjwa wake hauambukizi. Isipokuwa tetekuwanga au surua ikiingia darasani, mpelekeeni habari mzazi siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa mtoto huyu hiyo ni hatari.

Namaliza. Ukurasa wa mwisho wa daftari hili una vema ya mwisho. Aliiweka mwenyewe, akaizungushia duara kubwa, mwalimu ningemkata alama kwa kuchafua kitabu. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Bado tunakwenda kliniki kupimwa, na kila tukienda tumbo langu linauma mpaka majibu yatoke. Mpaka leo majibu ni mazuri. Yuko darasa la tano. Ndiye yule aliyekuwa anawagawia maji mlipoingia, yule mwenye shati la bluu.

Daftari limejaa, lakini nimenunua jingine jipya. Limo hapa kwenye mkoba. Nitalikabidhi kwa Katibu pamoja na mchango wangu, alitunze kwa ajili ya mtoto ajaye, ambaye hatujui ni wa nani kati yetu. Naomba asikose vema hata moja kwa sababu ya nauli.